Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumbi za Sanaa Chuoni Kwetu

Ndugu wanachama, wazee wetu wa chama, na vijana mliojiunga mwaka huu,

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mkutano uliopita uliniachia swali: tuanze kuchangisha pesa za kujenga jumba jipya la sanaa hapa chuoni, au tungoje? Nimelizungusha swali hilo kwa wanafunzi, walimu na mafundi, na leo natoa jibu langu waziwazi. Jumba jipya lije kwa wakati wake. Chuo tayari kina mahali patatu: ukumbi mkubwa, jukwaa la nje chini ya miembe, na chumba cha maonyesho kilicho chini ya maktaba. Pote patatu pana shida ileile, hapana mwenyewe. Hajulikani nani ana ufunguo, nani ameahidiwa Jumamosi, wala spika zimewekwa wapi. Kikundi cha maigizo kilifanya mazoezi kwa majuma, na siku ya mchezo kikakuta ukumbi umekodishwa kwa harusi. Vijana wale walilia, na mimi nilikuwapo. Tukijenga jumba la pili kabla ya kulitatua hilo, tutakuwa tumeongeza mlango mwingine wa kufungwa.

Nieleze ukumbi kwa kirefu, maana ndiko malalamiko yalikozidi. Kuta ni za saruji, sakafu ni terazo, paa ni mabati. Mwigizaji akitamka sentensi, neno la kwanza bado linavuma na la mwisho limeshafika, na aliyekaa nyuma anapata ngurumo tu. Wanafunzi walijaribu kutundika leso ukutani. Nawapongeza kwa kutokaa mikono mitupu, ila kitambaa chepesi kilichobana ukuta hakimezi sauti sana. Kinachofaa ni pazia zito, lenye mikunjo mingi, linaloning'inia mbali kidogo na ukuta. Tuliazima mapazia ya namna hiyo tukayafunga ukuta wa nyuma, kisha binti mmoja akasoma shairi kutoka jukwaani bila kipaza sauti. Mstari wa mwisho wa viti ulimsikia hadi vina.

Elimu hii ya kutuliza mvumo ina historia yake, na inapendeza kwamba ilizaliwa chuoni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ndani ya jumba lake la sanaa la Fogg, ambamo neno likisemwa liliendelea kuvuma kwa sekunde tano na nusu hivi. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuutengeneza. Akawa anahamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo hichohicho, Sanders, anayapanga usiku watu wamelala, na kupima mvumo umepungua kiasi gani kila alipoongeza takia. Kanuni aliyoipata mafundi wa sauti wanaitumia mpaka leo. Nawasimulia haya kwa sababu hatuhitaji mashine kutoka ng'ambo. Mafundi wa kushona mapazia na matakia Mombasa hawajatuishia, na wawili kati yao ni wanachama wa chama hiki.

Feni nazo ni mtihani. Zikiwashwa zinammeza mwigizaji, zikizimwa watu wanatota jasho. Tumeelewana na vikundi kwamba michezo yenye maneno mengi iwekwe Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na joto limepungua. Februari na Machi, joto la kaskazi linapokuwa kali, tuwaachie taarab na ngoma, ambazo feni haiziwezi, isipokuwa Ramadhani ikiangukia hapo. Mei tusipange kitu ukumbini. Mvua ya masika ikipiga yale mabati hakuna sauti ya binadamu itakayoishinda.

Saa za maonyesho pia tumezibadilisha, na hili naliona ndilo jambo kubwa la mwaka. Zamani mchezo ulianza saa mbili usiku baada ya Isha. Ukiisha, anayerudi Likoni bado ana feri ya kuvuka, na wa Mtwapa anapigania matatu kwa nauli ya usiku. Sasa tunaanza saa kumi na nusu, watu wakishaswali Alasiri, na tunamaliza kabla ya Magharibi. Wasichana wameongezeka viti vya mbele, na wazazi wanakuja.

Chumba cha maonyesho kinanisikitisha zaidi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho alitundika michoro yake ya wino. Alipokuja kuishusha, karatasi zilikuwa zimejikunja kingo, na pembe za chini zina madoadoa ya kahawia ya kuvu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi mno kwa karatasi, ambayo hupenda unyevu wa asilimia 50 hivi. Juu ya hayo fremu zilikuwa zimegusa ukuta wa nje moja kwa moja. Tumegongelea vipande vidogo vya mbao nyuma ya kila fremu ili hewa ipite, kazi za karatasi tumezihamishia ukuta wa ndani, na dirisha la magharibi limepata pazia. Mwanga wa kazi za karatasi haufai kuzidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), na jua la alasiri linauzidi mara nyingi sana.

Wapo wanaouliza kwa nini tujisumbue na michoro ya wanafunzi. Makerere walianza kufundisha sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930 chini ya Margaret Trowell, na wachoraji akina Sam Ntiro na Elimo Njau wakapita mikononi mwao. Jumba lao la maonyesho lilipofunguliwa mwaka 1969, palikuwa na urithi wa kuonyesha, kwa kuwa kazi za wanafunzi zilitunzwa. Za kwetu zinaozea stoo.

Jukwaa la nje liko salama. Linalokosekana ni njia ya viti vya magurudumu, na Katiba ya Kenya, ibara ya 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa namna inayofaa. Fundi ameshapima mteremko, hatua moja ya kupanda kwa kumi na mbili za kwenda.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kabla ya hapo naomba mpigie kura hoja mbili: kwanza, chama kiuombe uongozi wa chuo ratiba moja ya mwaka kwa mahali pote patatu, ibandikwe mlangoni, na sanaa ipewe siku zake zisizokodishwa, pili, nusu ya akiba yetu imlipe fundi mmoja wa jukwaa, mwenye funguo na daftari la vifaa. Watakaokubali kushona mapazia wajiandikishe kwa katibu leo, kitambaa kimeshafika.