Vibanda vya chakula vipewe mfereji wa maji

Mhariri,

Kipindupindu kikitajwa Nairobi, wa kwanza kunyoshewa kidole ni mwenye kibanda cha chakula. Tumesahau kwamba mwaka 2017 ugonjwa huo uliwapata hata watu waliokula katika hoteli kubwa za jiji hili. Kinachoamua usalama wa sahani si ukuta wa mabati wala wa mawe, ni maji. Maji ndiyo taabu kubwa ya vibanda vya Roysambu, Zimmerman, Kahawa West na mitaa mingi ya aina hiyo.

Chukua kibanda kinachouza sahani 60 za mchana. Kuosha vyombo inavyopasa kunahitaji mabeseni matatu ya lita 10, na kila moja lijazwe maji mapya angalau mara tatu: hizo ni lita 90. Wateja kunawa mikono, nusu lita kila mmoja, ni lita 30. Kupikia na kunywa, weka lita 40. Jumla ni lita 160, yaani mitungi minane ya mkokoteni. Mtungi ukiuzwa shilingi 20, mama mwenye kibanda anatumia shilingi 160 kwa siku. Mgao ukibana na mtungi ukafika shilingi 50, anatumia 400. Hapo ndipo beseni moja linapofanya kazi ya matatu, na maji ya saa sita mchana yanaosha sahani za saa tisa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Makombo yakwanguliwe kwanza kwenye ndoo ya taka, kwa maana mabaki ya ugali na mchuzi ndiyo huharibu maji upesi. Beseni la kwanza liwe na maji ya moto na sabuni, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu maji yenye klorini. Kwa dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, vijiko viwili vikubwa katika lita 10 vinatosha, na chombo kizame humo dakika mbili. Wengi hukosea kwa kutia dawa ndani ya maji machafu. Uchafu wa chakula huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye sahani, hivyo harufu ya dawa inasikika lakini vijidudu vingali hai. Usipoona tena kitako cha beseni, mwaga. Kisha vyombo vikaukie kwenye kichanja. Kile kitambaa kinachofuta sahani, meza na mikono kwa zamu kinarudisha uchafu kwenye kila kilichooshwa.

Kwa upande wa chakula, watu huogopa nyama na kusahau wali. Mchele huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye spora zake, yaani mbegu zake zenye ganda gumu, hustahimili kuchemshwa. Wali ukipikwa saa nne asubuhi na kukaa vuguvugu hadi saa kumi, spora huota na bakteria hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndiyo maana mteja hutapika jioni ingawa chakula kilimfikia kikiwa moto. Dawa yake ni kupika kidogo kidogo: badala ya kilo nne kwa mkupuo, pika mbili saa tano na mbili saa saba. Kinachobaki kikae juu ya jiko, kisishuke chini ya nyuzi 60.

Maharagwe hayana shida hiyo sana kwa sababu sufuria hutokota mchana kutwa. Yanachotaka ni kulowekwa usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu si chini ya dakika kumi kabla moto kupunguzwa. Maharagwe mekundu ambayo hayajaiva yana sumu ya asili inayovuruga tumbo vibaya. Magadi huyalainisha haraka na kuokoa makaa, lakini hupoteza vitamini B1, afadhali kuloweka.

Kachumbari ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana haipiti motoni kabisa. Baadhi ya mboga zinazouzwa jijini hunyweshwa maji ya mito yenye maji taka. Nyanya, vitunguu na dhania vioshwe vikiwa vizima, kwa maji yaliyotiwa dawa. Kisu na ubao visiwe vile vilivyokatia nyama. Ndimu na chumvi haviui vijidudu vya kutosha, kwa hiyo ikatwe ya kumalizika ndani ya saa mbili. Chapati, kwa upande wake, hutoka kwenye kikaango ikiwa salama. Huchafuliwa na mkono uliopokea noti. Koleo la bei ndogo linamaliza tatizo hilo.

Yako pia maji yanayotoka. Mafuta ya mchuzi yakimwagwa kwenye mtaro huganda, yakashika karatasi na plastiki, mtaro ukaziba, majirani wakalalamika, na askari wa kaunti wakaja kubomoa. Pipa la lita 50 linaweza kuzuia hayo. Maji yaingie juu kupitia chujio, yatoke kwa bomba lililopinda ambalo mdomo wake umezama ndani. Mafuta yataelea na kubaki, yaenguliwe na kutupwa kila jioni.

Ombi langu kwa Kaunti ya Nairobi ni kwamba kila kundi la vibanda lipewe mfereji mmoja wenye mita, maji yauzwe kwa bei ya kampuni ya maji badala ya bei ya mkokoteni, na pawe na sehemu moja ya kumwagia maji machafu. Wenye vibanda watalipia. Tayari wanalipa zaidi ya hapo.

Ukaguzi nao ubadilike. Cheti cha afya cha mhudumu wa chakula, kinachofanywa upya kila miezi sita, kina kazi yake, lakini hakisemi lolote kuhusu beseni. Bwana afya aje saa saba mchana, wateja wakiwa wamejaa, aanze kwa kutazama maji ya kusuuzia.

Mpishi wa kibandani,
Zimmerman, Nairobi