Ni Yule Yule, Shoga

Greensboro, North Carolina

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Ujumbe wako umenichekesha. Eti yule nyoka wa kijivu alikufa, tukanunua mwekundu kimyakimya mtoto asije akalia? Wapi! Ni Karafuu yule yule, kakua tu.

Nyoka wa mahindi (corn snake), aina ya Karafuu wetu, akianguliwa hana la kutamanisha: sentimita 30 hivi, mwili wa kijivu, mabaka ya kahawia iliyokolea, na rangi ya chungwa kidogo tu shingoni. Karafuu alikuja hivyo hivyo. Kadiri alivyokua kijivu kikawa kinampungua, chungwa likashuka mgongoni katikati ya mabaka, na mabaka yenyewe yakaiva yakawa mekundu ya tofali. Njano ndiyo huchelewa. Kwake imejitokeza juzijuzi, chini ya kidevu na ubavuni mwa shingo.

Usidhani anavua rangi moja na kuvaa nyingine. Rangi imo kwenye seli za ngozi ya ndani, nayo hujijenga polepole. Gamba analolivua halina rangi ya maana. Nimelitandaza juu ya gazeti, maandishi yakasomeka. Ila siku za kukaribia kujivua hufifia kweli, macho yakaingia ukungu wa bluu, na kuguswa hataki. Akishajivua ndipo hung'aa kuliko siku zote, na picha uliyoiona nilimpiga siku hiyo. Ndiyo maana umeshtuka.

Kama bado unanishuku, ziweke picha mbili pamoja utazame mabaka, uachane na rangi. La tatu kutoka kichwani limebonyea upande wa kushoto, na karibu na mkia kuna mawili yaliyoshikana. Hayo hayahami. Tumboni nako bado kuna miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti.

Si wote wanaogeuka hivi, lakini. Wako albino, hawana weusi hata chembe, macho mekundu, na kijivu hawakijui tangu kuanguliwa. Wa kwanza alikamatwa jimbo hilihili mwaka 1953. Daktari mmoja wa ngozi, Bernard Bechtel, akawazalisha mpaka vitoto albino vikapatikana 1961. Wako na waliokosa wekundu: wao hubaki na kijivu na weusi mpaka utu uzima, ingawa njano ya shingoni mara nyingi huwatokea. Mwanangu anamtaka mmoja wa hao. Nimemwambia panya walioganda kwenye friza yangu, pembeni ya samaki, wanatosha kwa nyoka mmoja.

Mama bado anasema nyoka ni nyoka? Mwambie huyu hana sumu, na wenzake wanaotunzwa vizuri hufika miaka 15 hata 20, kwa hiyo akija kututembelea atamkuta. Nisalimie wote hapo nyumbani, na ile picha ya harusi usisahau kunitumia.

Wako,
Zuhura