Saa saba za wapi hizo?

Mhariri,

Wiki jana mliandika ati ndege ya moja kwa moja Nairobi mpaka New York inachukua saa saba, nikamsomea mke wangu akasema basi tuhamie huko, maana basi la Mombasa–Nairobi lenyewe linakula saa nane na bado unashuka miguu imevimba.

Kosa naliona lilipotoka. Mwandishi wenu ameshika tikiti, ndege inaondoka JKIA kama saa tano na nusu usiku inatua JFK kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akatoa akapata saba, akafurahi. Kumbe ile saa ya kwanza ni ya kwetu na ya pili ni ya kwao, na wakati wa baridi wao wako nyuma yetu saa nane, sasa jumlisha hapo, ni kama saa 15 umekaa kitini. Machi wakisogeza saa zao mbele tofauti inakuwa saba, mpaka Novemba wanarudisha, sisi wa karibu na ikweta hatuna shida hizo.

Hata kwa kilomita tu mngeshtuka. Ni kama 11,800, yaani Nairobi–Mombasa kwa barabara mara ishirini na nne hivi, na hiyo ni njia fupi kabisa, ile unayoipata ukivuta uzi juu ya chungwa, si rula juu ya ramani ya ukutani.

Kurudi ni afadhali, karibu saa 14, na hapo kuna jamaa kijiweni anabisha ati ni kwa sababu dunia inazunguka ikiifuata ndege. Hapana bwana, hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Ni upepo wa huko juu, unavuma kwa nguvu kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni ukirudi unakusukuma.

Msinione mchokozi, mambo haya yametuuma nyumbani. Shangazi yangu alienda kwa mwanawe Januari mwaka juzi, akampigia simu kabla ya kupanda, "nafika saa kumi na mbili." Kijana kakulia huko, Kiswahili chake cha kubahatisha, kaelewa saa sita mchana. Bibi wa watu akakaa hapo JFK juu ya sanduku lake, kajifunika leso mbili kwa baridi, simu haina laini ya huko, kila mlango ukifunguka anainuka, mpaka mwana akatokea na maua saa sita kasorobo, anajisifu amewahi!

Kwa hiyo mkichapa saa andikeni ni saa ya wapi, na safari yenyewe ni saa ngapi hewani. Shangazi siku hizi ukimuuliza saa anakujibu kwa adhana, "baada ya alfajiri," basi.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa