Barua kwa rafiki aliyepewa ulezi wa wanafunzi Mbeya

Iringa

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene dada! Hongera kwa ulezi wa wanafunzi uliokabidhiwa. Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imeanza kuuma. Umeniuliza chuo cha kanisa kiishi vipi na wanafunzi Waislamu na Wasabato, kisiwabane na kisiuache msalaba wake. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, nami naipenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwanza, usingoje mwanafunzi aje ofisini kuomba. Anayeomba ruhusa kila Ijumaa hujiona mgeni kila Ijumaa, na siku akikutana na mhadhiri asiye na huruma atanyimwa. Kaa na watu wa taaluma mapema, ratiba ipangwe kwa kujua kwamba hawa wapo. Ijumaa, saa sita hadi saa nane mchana, pasiwe na kipindi wala jaribio. Mtu wa Kihesa, mtaa wa hapa Iringa, anayekwenda kuswali mjini ana daladala ya kungoja, ana udhu, ana hotuba, halafu arudi. Saa moja haimtoshi.

Wasabato ni wagumu zaidi kwa ratiba, maana mitihani huwa inamwagikia Jumamosi. Sabato yao huanza jua likizama Ijumaa na kuisha jua likizama Jumamosi, na wapo watakaokubali sapu, yaani mtihani wa marudio, kuliko kushika kalamu katikati. Sisi huwakusanya chumba kimoja tangu wenzao wanapoingia mtihani, simu zimewekwa kando, wanasoma Biblia na kuimba, kisha wanafanya karatasi ileile baada ya magharibi. Msimamizi wao alipwe posho yake kama wengine. Akiambiwa ajitolee, muhula wa pili hutamwona.

Ila kilichonifundisha mengi ni Ramadhani. Hosteli zetu zimekataza kupika vyumbani, na ni haki, moto hauchezewi. Basi mlinzi akamkamata binti wa mwaka wa pili saa kumi alfajiri na jiko la umeme chini ya kitanda, juu yake kisufuria cha uji. Kamati ikataka kumtoza faini. Nikaomba kwanza tuulize: bwalo linafungwa saa moja usiku na kufunguliwa saa moja asubuhi, huyu daku ale wapi? Wakanyamaza. Tangu hapo mfungo ukiingia, jikoni huacha chupa kubwa za chai na uji, viazi vitamu na magimbi yaliyochemshwa, na mlango wa bwalo hufunguliwa saa tisa na nusu. Jioni futari hutoka adhana inapoadhiniwa, bila kungoja foleni ya chakula cha usiku. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, siku chache tu baada ya Waislamu kuanza kufunga, na Wakristo wetu waliokuwa kwenye Kwaresima wakawa wanakaa nao meza moja jioni. Nilifurahi sana, dada.

Nyama mnunue kwa mchinjaji Mwislamu, suala liishe hapo.

Kuhusu ibada, nina msimamo mkali. Ibada iwepo, kengele ilie, kwaya iimbe, na mzazi Mwislamu anayemleta binti kwetu anajua hivyo. Wengi huniambia wamefuata maadili. Lakini karatasi ya mahudhurio isipitishwe kanisani kwa asiye Mkristo. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani yake, na mkopo wa Bodi ya Mikopo unaomlipia ada hutoka kwenye kodi ya Watanzania wa dini zote. Somo la maadili asome, mtihani wake afanye. Sala alazimishwe kwa faida ya nani? Mungu hapokei saini.

Chumba cha swala kitakuletea maneno. Utaambiwa unajenga msikiti ndani ya uzio wa kanisa. Mimi nasema chumba safi, mikeka na bomba la udhu karibu ni ubinadamu wa kawaida, sawa na zahanati. Wapo wachungaji ninaowaheshimu wasiokubaliana nami, na mjadala bado unaendelea. Wakikubana, waulize juu ya Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro: huko Wakristo wanasoma. Tungependa watoto wetu watendewe vipi kule?

Msichana wa Kiislamu akija na hijabu yake, mwambie mlinzi wa getini mapema asimsimamishe. Kanuni za mavazi ziandikwe wazi kwamba kilemba na hijabu vinaruhusiwa, na kwenye mtihani mwanamke ndiye amkague.

Nitumie rasimu ya ratiba kabla haijabandikwa ukutani, niipitie. Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako