Barua kwa Mwalimu Rehema kuhusu filamu za poka

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu sana pamoja na watoto. Barua yako nimeipata, nami nimekaa nayo kwa muda kwa sababu ya lile uliloniuliza mwishoni. Unasema unataka kuwaonyesha wanachuo wako wa saikolojia filamu ya Rounders ya mwaka 1998, ili waone jinsi mchezaji hodari wa poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, anavyoisoma nafsi ya mwenzake kwa kumkazia macho, na kwa kuwa mimi ndiye rafiki yako pekee aliyegawa karata kasino kwa miaka mingi, ungependa nikuambie kama mambo ndivyo yalivyo. Nakujibu kwa kirefu, kwani filamu hizo nazipenda, na kwa sababu hiyo hiyo zinanisumbua.

Nianze na kile kipande ambacho najua ndicho kilichokuvutia. Teddy KGB, yule Mrusi anayeigizwa na John Malkovich, ana mazoea ya kuchezea biskuti za Oreo mezani. Huzipasua karibu na sikio lake, na mara nyingine huila, mara nyingine huiweka chini. Mike McDermott, ambaye ni Matt Damon, anagundua kwamba biskuti ikiliwa, Teddy ana karata za kweli. Basi anazitupa karata zake ambazo mtu mwingine angezing'ang'ania, yaani anajitoa kwenye mzunguko huo asipoteze zaidi, na mtazamaji anapata raha kubwa kwa sababu siri ya moyo wa mtu imefichuliwa mbele ya macho yake. Kwa filamu ni tendo zuri sana, kwani kamera haiwezi kuingia kichwani mwa mtu na lazima kuwe na kitu cha kuonekana. Casino Royale ya mwaka 2006 inafanya vivyo hivyo kwa Le Chiffre, adui wa jasusi James Bond, ambaye jicho lake hutoa damu na vidole vyake hupanda kwenye paji la uso, ingawa hiyo angalau ina ujanja wa kuonyesha kwamba ishara kama hiyo inaweza kugeuzwa kuwa mtego.

Mezani nilikokaa mimi, uso ndio unaosema machache kuliko sehemu zote za mwili. Mtu akishajua kwamba anatazamwa usoni, uso ndio wa kwanza kuufungia mlango. Nimewaona watu wanaotabasamu wakiwa na karata mbovu na watu wanaotabasamu wakiwa na ree mbili, na tabasamu ni lile lile. Mikono ndiyo inayoponyoka. Mtu mwenye karata nzuri husukuma chipu zake, vile vidude vinavyosimama badala ya fedha, kwa mwendo mmoja usiokatika, kama mtu anayesogeza sahani yake mwenyewe, ilhali yule anayepiga mkwara, yaani anayeweka dau kubwa kwa karata mbovu ili awatishe wenzake, huzisukuma kwa vipande viwili, anasita kidogo katikati, kisha anamalizia kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Kwa muda mrefu nilidhani hayo ni mazoea ya macho yangu tu, mpaka nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Michael Slepian na wenzake. Waliwaonyesha watu vipande vifupi vya video vya wachezaji mabingwa wakiweka dau, wakawataka wakadirie ubora wa karata zao. Waliotazama mikono peke yake walikadiria vizuri kuliko kubahatisha. Waliotazama nyuso peke yake walikosea kuliko hata mtu anayebahatisha. Nadhani wanachuo wako watanufaika zaidi na matokeo hayo kuliko na biskuti za Teddy, na waweza hata kuwarudishia filamu ile ile, ukawaambia waufunike uso wa Malkovich wautazame mkono wake.

Lakini kosa la uso ni dogo. Linalonigusa zaidi ni jinsi filamu inavyoisimulia hasara. Naomba uitazame Rounders upya, safari hii kama mwalimu wa saikolojia, usimtazame Teddy, mtazame Mike. Mwanzoni anapoteza dola 30,000, akiba yake yote, kwa mzunguko mmoja. Anamwahidi mpenzi wake kwamba ameacha, kisha anarudi mezani kwa siri na kumficha. Uhusiano unavunjika, masomo yake ya sheria yanayumba, na mwishowe anakopa dola 10,000 kwa profesa wake na kwenda nazo kwa mtu yule yule aliyemwibia usingizi. Ni kweli kwamba anakwenda kumlipia rafiki yake deni, lakini akishapata za deni haondoki. Anakaa, kwa sababu anataka zile zake za mwanzo.

Wewe unaujua mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kuliko mimi. Uraibu wa kamari uliingia humo mwaka 1980, na katika toleo la mwaka 2013 ukahamishiwa kwenye kundi la uraibu pamoja na ule wa pombe na dawa za kulevya. Dalili zilizoorodheshwa ni 9, na mtu akiwa na 4 katika kipindi cha mwaka mmoja, daktari ana haki ya kulitaja tatizo kwa jina lake. Kurudi kuifukuza fedha iliyopotea ni mojawapo. Kuwadanganya wa karibu ni nyingine. Kuhatarisha uhusiano au masomo, na kutegemea fedha za wengine ili kujinasua, nazo zimo. Hizo ni 4, na Mike anazo zote, na filamu inampa ushindi na kumpandisha teksi kuelekea Las Vegas huku muziki ukimsindikiza. Sisemi kwamba waandishi wake walikuwa na nia mbaya. Walitaka kusema kwamba poka ni kipaji na kwamba mtu asikikimbie kipaji chake, na kwa sehemu wana haki. Ila jambo ambalo hospitali ingelihesabu kuwa dalili, hadithi imelihesabu kuwa ujasiri, na kijana anayeitazama hana njia ya kutofautisha.

Hapo kuna mtu mmoja ambaye natamani angepewa nafasi kubwa zaidi, naye ni Joey Knish, anayeigizwa na John Turturro. Huyu hucheza ili alipe kodi ya nyumba na ada za watoto. Hajioni shujaa, hatafuti mzunguko mmoja wa kumaliza mambo, na Mike humwona kama mtu aliyepungukiwa na ndoto. Wachezaji wote niliowaona wakidumu miaka mingi mezani walikuwa wa namna ya Knish. Hutupa karata saa nzima bila kunung'unika, huondoka usiku ungali mchanga wakiona akili imechoka, na hawasimulii walivyoshinda. Hakuna filamu inayoweza kumweka mtu kama huyo katikati ya kioo kwa saa mbili, nalielewa hilo, lakini saikolojia ya poka kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo: kuvumilia kuchoshwa.

Filamu pia huifanya bahati ionekane kama hukumu ya tabia. The Cincinnati Kid ya mwaka 1965, ya Steve McQueen na Edward G. Robinson, inamalizikia kwenye mzunguko ambao kijana ana ree tatu na kumi mbili, na mzee ana karata tano za uru zinazofuatana hadi bibi. Mchezo wenyewe ni wa karata tano kwa kila mtu. Mikono yote inayowezekana, na hapa mkono ni fungu la karata tano alizo nazo mchezaji, ni 2,598,960. Ya aina aliyokuwa nayo kijana ni 3,744, na ya aina aliyokuwa nayo mzee ni 40 tu. Kukutana kwa hiyo miwili mezani, usiku ule wa kuamua nani bingwa, ni jambo ambalo mgawaji anaweza kustaafu asilione. Hata hivyo mtazamaji hutoka akiamini kwamba mzee alishinda kwa sababu moyo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Casino Royale imezidisha: watu wanne kwa pamoja wana mikono ambayo kila mmoja angeiwekea nyumba yake, na kitita kinapita dola milioni 100. Hapo Bond hahitaji saikolojia yoyote. Mwenye 5 na 7 za shupaza, na 4, 6 na 8 za shupaza zikiwa mezani kama karata za wote, hana la kufikiri.

Ukitaka filamu iliyosema kweli, chukua Molly's Game ya Aaron Sorkin, ya mwaka 2017, na usiwaonyeshe yote, waonyeshe sehemu ya Harlan Eustice tu. Bill Camp anamwigiza mtu makini, mwenye nidhamu, anayejua hesabu zake, ambaye usiku mmoja anatishwa akatupa mkono uliokuwa wa ushindi, na aliyemtisha ni mchezaji dhaifu kuliko wote mezani. Tangu dakika ile haonekani tena yule mtu wa kwanza. Anaongeza dau, anafuata kila mzunguko, anadai mkopo, na asubuhi inamkuta pale pale. Nilipoitazama sehemu hiyo ilinibidi nisimamishe filamu, kwa sababu nilikuwa nimemgawia karata mtu wa namna hiyo. Alikuwa mzee mstaarabu aliyependa chai ya tangawizi. Aliposhindwa na kijana ambaye hakujua hata zamu yake, hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Alizipanga upya chipu zake kwa rangi, taratibu kabisa, akanishukuru kwa kugawa, na katika mzunguko uliofuata aliweka nusu ya fedha zake bila kuinua karata ya pili kuitazama. Uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nyuso zote pale mezani.

Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba mtu aliye upande wa hasara hukubali hatari ambazo asingezigusa akiwa upande wa faida. Wanachuo wako wataisoma nadharia hiyo kwa mtihani, lakini Harlan atawafanya waielewe.

Nikuongezee California Split ya Robert Altman, ya mwaka 1974, hasa mwisho wake. Marafiki wawili wanakusanya kila walichonacho, wanakwenda Reno, wanaanza na poka na kuendelea na michezo mingine, na wanaondoka na dola 82,000. Mmoja anashangilia. Mwenzake, Bill, anakaa kimya na kueleza kwamba hakusikia lolote ndani yake, kisha anasema anakwenda nyumbani. Filamu nyingi hudhani kwamba mcheza kamari anataka fedha, hivyo akizipata hadithi imekwisha. Altman aliona kwamba fedha zikija kwa wingi hivyo ndipo mtu hugundua kwamba hazikuwa hoja.

Nimalizie na jambo moja la Rounders ambalo laweza kukusaidia darasani. Ndani yake mna picha za kweli za mwaka 1988, Johnny Chan akimnasa Erik Seidel, kwa kujifanya ana karata dhaifu, katika mzunguko wa mwisho wa mashindano ya dunia ya poka. Mike huzitazama kama mtu anayejifunza kitabu kitakatifu, na mtego atakaomtegea Teddy mwishoni unafanana na ule wa Chan. Kwa watu wengi, Seidel amebaki vile alivyo kwenye kile kipande: kijana aliyeingia mtegoni. Lakini Seidel aliendelea kucheza kimya kimya kwa miongo mitatu na zaidi, akafikisha bangili 10, ambazo ndizo tuzo za washindi wa mashindano hayo hayo, na ndiye aliyemfundisha Maria Konnikova, mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Columbia, aliyetaka kujua ni kiasi gani cha maisha kimo mikononi mwetu na kiasi gani ni bahati. Konnikova alianza bila kujua hata idadi ya karata, na mwaka 2018 alishinda shindano kubwa huko Bahamas. Kitabu chake, The Biggest Bluff, kilitoka mwaka 2020. Jambo ambalo Seidel alimsisitizia zaidi lilikuwa kuyatazama maamuzi yake mwenyewe bila kulalamikia karata mbaya, na kuumakinikia mchezo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Rounders waonyeshe, ila uanze nayo, uwaombe waorodheshe dalili za Mike bila kuwaambia mapema unatafuta nini. Kisha Harlan, kisha dakika za mwisho za California Split. Casino Royale iache. Kipindi kikipangwa niandikie mapema, kwa sababu naweza kuomba ruhusa kazini nikaja na karata na chipu, wanachuo wako wagawiwe kidogo bila fedha yoyote, ili waitazame mikono yao wenyewe. Nina nakala ya kitabu cha Konnikova, nitakuletea.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwenzio akupendaye,
Zuhura