Historia ya Rejimenti ya 54 haikuanzia Fort Wagner

Ndugu Mhariri,

Nawashukuru kwa makala yenu ya hivi karibuni kuhusu askari weusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Hata hivyo nina la kuongeza, tena zito. Makala iliichukua Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, ya askari weusi wa miguu wa kujitolea, ikaifikisha moja kwa moja kwenye kuta za Fort Wagner, ngome ya jeshi la Kusini huko South Carolina, ikahesabu maiti, ikaishia hapo. Ndivyo wanavyofanya karibu waandishi wote. Naishi Boston, na habari za rejimenti hii nimezifuatilia kwa muda mrefu. Naomba nafasi niwarudishe wasomaji kambini, maana haki waliyokuja kuidai wale askari waliahidiwa siku walipojiandikisha.

Kambi iliitwa Camp Meigs, mahali paitwapo Readville, kusini mwa Boston. Palikuwa uwanda tambarare kando ya Mto Neponset, karibu na njia ya reli. Makuruta wa kwanza waliingia Februari 21, 1863, baridi bado ni kali, wakalazwa kwenye mahanga ya mbao. Gavana John Andrew alikuwa amepata kibali cha Waziri wa Vita Edwin Stanton mwezi uliotangulia. Kwa kuwa watu weusi wa Massachusetts hawakutosha kujaza rejimenti, wapiga mbiu walitumwa mbali, na vijana wakaja kutoka Pennsylvania, New York, Ohio, hata Kanada. Walikuwa wakulima, mabaharia, vinyozi, vibarua. Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri aliyezaliwa utumwani, aliwatoa wanawe wawili, Charles na Lewis. Lewis akawa sajini meja. Madaktari wa kambi walikuwa wakali, na wengi walirudishwa kwa kasoro ndogo. Waliobaki walipigishwa kwata wiki baada ya wiki, na mwisho wa Aprili wakakabidhiwa bunduki za Enfield. Ilipofika Mei kambi ilijaa hadi ikabidi waliozidi waanzishiwe rejimenti nyingine, ya 55, papo hapo Readville.

Walijua wanakokwenda. Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, alikuwa ametangaza tangu Desemba 1862 kwamba watumwa watakaokamatwa na silaha wakabidhiwe serikali za majimbo ya Kusini. Maana yake kitanzi au minyororo. Na hata aliyezaliwa huru hakuwa na uhakika kwamba angetendewa kama mateka wa vita. Pamoja na hayo walipanda treni Mei 28, wakapiga gwaride katikati ya Boston chini ya Kanali Robert Gould Shaw, kijana mweupe wa miaka 25, kisha wakaingia melini kuelekea South Carolina.

Sasa ahadi. Waliambiwa watalipwa sawa na askari wengine wote: dola 13 kwa mwezi. Wakiwa tayari vitani ndipo waliposikia kwamba serikali itawapa dola 10, na katika hizo dola 3 zikatwe kwa ajili ya nguo. Zikabaki saba. Sheria iliyotumika, ya Julai 1862, ilikuwa imewalenga weusi wanaochukuliwa jeshini kuchimba mahandaki na kubeba mizigo. Hata Lewis Douglass, pamoja na cheo chake, alihesabiwa hizo hizo saba.

Walikataa hata senti moja. Massachusetts ilipojitolea kujazia pengo kwa fedha zake, walikataa pia, kwa sababu aliyewaajiri ni serikali ya Marekani na ndiyo iliyopaswa kuwatambua. Hapa ndipo nainama kwa heshima. Wake na watoto wao walikuwa na njaa nyumbani, na wao wenyewe waliendelea kulinda, kuchimba na kupigana bure kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Haukuwa mchezo kugoma katika jeshi lile. Mwanzoni mwa 1864 Sajini William Walker wa Rejimenti ya 3 ya South Carolina, nayo ya askari weusi wa serikali ya Marekani, alipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, kosa lake kuongoza wenzake kuweka bunduki chini mpaka walipwe sawa.

Ndugu Mhariri, wewe utampenda James Henry Gooding. Alikuwa baharia wa meli za kuwinda nyangumi, akajiandikisha kutoka New Bedford, na tangu siku za Readville alikuwa akiliandikia barua gazeti la mji wake, Mercury, akieleza kwata, chakula, maandamano na mapigano. Septemba 28, 1863, alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe na kumuuliza: je, sisi ni askari au ni vibarua? Sijui swali lililosimama wima kuliko hilo katika vita vile vyote.

Fort Wagner wasomaji wenu mmeshawasimulia: Julai 18, 1863, watu kama 600 walipanda ngome, zaidi ya 270 wakauawa, wakajeruhiwa au wakakosekana, Shaw akiwa miongoni mwa waliokufa. Sajini William Carney, aliyeokoa bendera na majeraha mwilini, alipewa nishani yake mwaka 1900. Lakini someni pia Olustee, Florida, Februari 20, 1864. Jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani, lilipovunjika, askari wa Rejimenti ya 54 walibaki nyuma kuwazuia adui ili wenzao wapate kuondoka, na inasimuliwa kwamba waliingia wakipiga kelele "Massachusetts na dola saba kwa mwezi!" Katika kurudi nyuma, kichwa cha treni iliyobeba majeruhi kikaharibika. Wakafunga kamba wakaivuta treni kwa mikono yao, maili kadhaa.

Gooding alikamatwa Olustee. Bunge lilipitisha malipo sawa Juni 1864, naye akafa Julai katika gereza la Andersonville, Georgia. Wenzake walipokea fedha zao Septemba.

Mbele ya jengo la serikali ya Massachusetts liko sanamu la shaba la Augustus Saint-Gaudens, lililozinduliwa 1897, Shaw juu ya farasi na askari wakitembea pembeni yake. Majina ya maafisa weupe waliokufa yaliwekwa tangu mwanzo. Ya askari weusi yaliongezwa 1982. Watalii hupiga picha pale kila siku. Camp Meigs kule Readville, ambako askari wale walifundwa, ni bustani ndogo ya mtaani, na wenyeji wengi hupita bila kujua.

Mkiandika tena juu ya rejimenti hii, naomba mchapishe barua ya Gooding kwa Lincoln yote, kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Boston, Massachusetts