YAH: VALVU YA TURBO MLIYOFUNGA KWENYE GARI LANGU NA KAULI ILIYOTOLEWA KAUNTANI KWENU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Namba ya risiti na masharti ya dhamana mnayo, kwa hiyo sitayarudia. Naandika kwa heshima, ingawa kwenye kaunta yenu heshima hiyo haikuwepo.

Malalamiko yanahusu ile valvu inayotoa hewa nje kwa mlio, ya kupumulia turbo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini. Tangazo lenu linadai kwamba "inaongeza nguvu" na kwamba "inafaa gari lolote la turbo, petroli au dizeli". Madai yote mawili si kweli. Kazi ya valvu hii huanza dereva anapoachia mafuta: kipepeo cha throto, yaani mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, kinafunga, hewa iliyoshindiliwa inakosa pa kwenda, na valvu inaifungulia njia ili isirudi nyuma kupiga mapanga ya kompresa, sehemu ya turbo inayoshindilia hewa. Mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, pale nguvu inapotakiwa, valvu iliyo nzima huwa imefungwa kabisa. Kilichofungwa hakiwezi kuongeza nguvu yoyote. Faida ipo pale tu ambapo valvu ya kiwandani imechanika diaframu (utando wake wa ndani) na inavujisha presha, au presha ya turbo imepandishwa kupita uwezo wa springi yake. Ya kwangu ilikuwa nzima, na fundi wenu ndiye aliyeandika hivyo kwenye karatasi ya kupokelea gari. Kuhusu dizeli, injini zake hazina kipepeo kinachofunga ghafla dereva anapoachia mafuta, kwa hiyo valvu hii haina kazi huko. Kuwauzia wenye dizeli ni kuwapotosha.

Gari langu hupima hewa kwa sensa iliyo kati ya kichujio na turbo. Hewa ikishapita hapo, kompyuta imeihesabu na injekta zimeamriwa kutoa petroli ya kiasi hicho. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo ndani ya bomba, baada ya sensa na kabla ya kompresa, na hesabu inabaki sawa. Ninyi mmeitoa nje. Matokeo yake, kila gia inapobadilishwa petroli inazidi hewa: moshi mweusi, milipuko kwenye ekzosi, masizi kwenye plagi, na petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kataliti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuipasha joto la kuiharibu. Gari likikaribia kusimama, linazima. Msimbo wa hitilafu P0172 ulioonekana kwenye mashine ya kupima kompyuta ya gari maana yake ni mchanganyiko uliozidi petroli. Gari linalopima hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) linaweza kuvumilia hali hii. Hili haliwezi, na swali la "gari linapima hewa kwa njia gani?" ndilo lilipaswa kuulizwa kabla bisibisi haijaguswa. Hakuna aliyeuliza.

Nilileta karatasi yenye msimbo huo kauntani. Mfanyakazi wenu hakuisoma. Aliisukuma pembeni, akasema mbele ya wateja wengine: "Valvu ni nzima, gari lako ndilo bovu. Ukitaka gari tulivu, nunua lisilo na turbo."

Sasa kuhusu ufungaji wenyewe, kwa kuwa kosa halikuishia kwenye kuchagua kifaa. Mpira wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini unaoifungua valvu, umeunganishwa kwa kugawana na ule unaokwenda kwenye rekuleta (kidhibiti) ya presha ya petroli. Valvu inatakiwa kuwa na mpira wake yenyewe, mfupi, unaotoka kwenye manifoldi baada ya throto, la sivyo inachelewa kufunguka na rekuleta nayo inapokea ishara isiyo sahihi. Tundu la kurudishia hewa kwenye bomba la kuingilia limezibwa kwa boliti na klipu iliyolegea, kwa hiyo hewa isiyopimwa inaingia hapo. Springi nayo ilikuwa laini mno. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, vakyumu ya manifoldi iliivuta valvu ikabaki wazi kidogo, na kwa kuwa mdomo wake uko nje, injini ikavuta hewa isiyopita kwenye kichujio wala kwenye sensa. Vumbi lililomo kwenye hewa hiyo linaingia kwenye silinda.

Dawa ya fundi wenu ilikuwa kukaza skrubu ya springi hadi mwisho. Sasa valvu haifunguki kwa wakati, na hewa inarudi kwenye kompresa kwa ule mlio wa "stutututu". Ukirudiwa kwenye presha kubwa, mlio huo ni mzigo kwa beringi na shafti ya turbo. Na hapo ndipo narudi kauntani, kwa kuwa jambo hili sitalipita kwa sentensi mbili. Mfanyakazi yule aliwasha gari likiwa limeegeshwa, akalikanyaga mafuta mara kadhaa, akawageukia waliokuwepo: "Mmesikia? Hiyo ndiyo nguvu." Gari lililosimama bila mzigo halijengi presha ya maana, kwa hiyo jaribio lile halikuthibitisha lolote. Moshi mweusi ulitoka mbele ya macho yake, gari likazima mikononi mwake, na bado karatasi ya msimbo ilibaki pembeni alikoisukuma. Ndipo akasema gari ni bovu na ninunue lisilo na turbo. Waliokuwepo walicheka. Msimamizi wa zamu alikuwa hatua chache kutoka pale, akasikia, akanyamaza. Pampu ya mkono ya vakyumu ingeonyesha kwa dakika chache kama valvu inafunguka na kushikilia. Ilikuwa inaning'inia ukutani nyuma yake. Hakuigusa.

Nataka nirudishiwe fedha zote za kifaa na ufungaji. Nataka pia valvu yangu ya kiwandani, ambayo fundi alibaki nayo bila idhini yangu, irudishwe na ifungwe pamoja na mpira wake wa kurudishia hewa, tundu lile lizibuliwe na vakyumu iunganishwe inavyotakiwa. Plagi zilizojaa masizi zibadilishwe kwa gharama yenu. Kataliti na turbo vikaguliwe na gereji nitakayoichagua mimi, si ya kwenu, na mkilipie kila kitakachokutwa kimeharibika. Mfanyakazi aliyenidhalilisha na msimamizi aliyenyamaza waombe radhi kwa maandishi.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, suala litakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji pamoja na nakala ya tangazo lenu, karatasi ya kupokelea gari na picha za lile boliti, na hapo dai la fedha halitakuwa la valvu peke yake, litakuwa la turbo nzima. Kukataa kwenu kutanipeleka mahakamani. Na tangazo la "gari lolote la turbo" liondolewe leo, bila kusubiri siku hizo 14, kwa sababu kesho mtamfungia mwingine.

Mteja wenu,
Mwenye risiti iliyoambatanishwa